Mtoto wa mbwa ndani ya nyumba: twahara, sala na namna ya kumzoesha kujisaidia nje



Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na Swahaba zake.

Tumeletewa swali na dada yetu mmoja mzaliwa wa Wete, ambaye sasa anaishi na mumewe na watoto watatu huko Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, mkoani Mara. Wanafuga mbuzi 12 na wamelima mahindi nyuma ya nyumba. Fisi walipovunja zizi mara ya pili, jirani yao aliwapa mtoto wa mbwa wa miezi miwili, akawaambia wamlee atakuja kuwalindia mifugo. Usiku wa Mugumu una baridi, watoto wakamwonea huruma kijibwa, wakamwingiza ndani. Tangu hapo anakojoa sebuleni, amekojoa juu ya busati, na wiki iliyopita juu ya mswala. Mume akikuta kojo humpiga. Dada yetu anasema hajui tena ni wapi ndani ya nyumba yake pana twahara, na sala zote anazisali juu ya kitanda. Anauliza: wamtupe? Na kama si kumtupa, wafanye nini asiendelee kuwachafulia nyumba?

Tumeona tulijibu kwa urefu. Familia nyingi za visiwani zina mtoto au kaka aliyekwenda bara kwa kazi au biashara, na huko mbwa ni sehemu ya boma kama lilivyo jembe. Na hata hapa kwetu, wako wasasi wa Unguja na Pemba wanaofuga mbwa, nao wana wake na watoto wenye maswali haya haya, ila wanaona haya kuyauliza.

Tuanze na kama inafaa kuwa naye. Katika hadithi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ameeleza kwamba anayefuga mbwa hupungukiwa kila siku na thawabu za amali zake kiasi cha qirati moja, na katika mapokezi mengine qirati mbili, isipokuwa mbwa wa mifugo, wa kuwinda au wa shamba. Dada yetu ana mifugo na ana shamba. Mbwa wake yumo ndani ya ruhusa hiyo moja kwa moja, wala hahitaji hata kuingia katika mjadala wa wanavyuoni kuhusu mbwa wa kulinda nyumba tupu, ambao Imam Nawawi ameona kauli yenye nguvu ni kujuzu kwa kukisia.

Lakini huyu bado mtoto, halindi kitu. Je, ruhusa inamfikia? Mafaqihi wa Kishafi waliliuliza hili zamani, na kauli sahihi zaidi kwao ni kwamba inajuzu kulea mtoto wa mbwa kwa nia ya kumfundisha kazi miongoni mwa kazi hizo zilizoruhusiwa. Angalieni sharti: nia ya kumfundisha. Kijibwa anayelelewa sebuleni kama mwanasesere wa watoto, huku mbuzi wamelala peke yao, hajalelewa kwa kazi iliyomhalalishia kuwepo. Na siku mbuzi wakiuzwa na shamba likiachwa, udhuru nao unaondoka, na bora apewe mwenye haja naye.

Wamefanya vyema pia kumpokea kama zawadi. Thamani ya mbwa imekatazwa katika hadithi sahihi, na madhehebu yetu hayajuzishi kumuuza wala kumnunua.

Kuhusu kumtupa, tunasema hapana. Kumwacha kando ya barabara ya kwenda Ikoma, mnyama wa miezi miwili asiyejua kujitafutia, ni kumuua kwa njaa au kumpa fisi. Sote tunaijua habari ya mtu aliyeteremka kisimani akamtekea maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake, Allah akamsamehe, na habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula. Mbwa kuwa najisi ni hukumu ya twahara. Haimwondolei haki ya kutodhulumiwa.

Tumrudie dada yetu na mswala wake. Katika madhehebu ya Imam Shafi, mbwa ni najisi nzito, ile inayoitwa mughalladha: mate yake, mkojo wake, kinyesi chake, jasho na nywele zake. Kilichopatwa na unyevu wake huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo twahara, na bora iwe ya kwanza. Hapa ndipo watu wengi wanapojitesa. Hukuta kojo, wakamwaga maji juu yake, najisi ikatapakaa chumba kizima. Kwanza ondoa najisi yenyewe: kausha kojo kwa tambara au magazeti, ukayatupe. Kisha mwagia sehemu ile tu maji yenye udongo, uyaondoe, halafu mwagia maji safi mara sita, kila mara ukiyaondoa. Na kama kitu chenyewe cha najisi kilihitaji kumwagiwa mara mbili tatu ndipo kiondoke, hizo zote huhesabiwa kuwa mara moja katika zile saba, kwa kauli aliyoisahihisha Imam Nawawi. Busati na mswala vitolewe nje vikaoshewe huko. Sabuni tumia upendavyo kwa ajili ya harufu, ila kwa kauli yenye nguvu kwetu haichukui nafasi ya udongo.

Uani ni wepesi zaidi. Ardhi ya udongo iliyokojolewa na mbwa humwagiwa maji mara saba, wala haihitaji kuletewa udongo mwingine, kwa kuwa yenyewe ni udongo. Na hilo linahitajika pale tu mtu anapotaka kusali mahali hapo. Hakuna aliyewataka mwoshe uwanja mzima kila siku.

Mambo mawili yatamwondolea dada yetu dhiki kubwa. La kwanza, kikavu kikigusana na kikavu hakuna najisi inayohama. Kijibwa mkavu akipita akagusa kanga kavu, kanga ni twahara. Ukiona nywele zake zimenasa, ziondoe. Akilamba au akagusa na pua yake yenye majimaji, hapo ndipo mahali pale huoshwa mara saba. La pili, sakafu iliyokauka ambayo una shaka nayo, tandika mswala twahara juu yake usali. Sala inasihi, ingawa ni karaha pale unapojua kwa yakini kwamba chini pana najisi. Na asili ya kila sehemu ya nyumba ni twahara mpaka uwe na yakini ya kinyume chake. Hana haja ya kujifungia juu ya kitanda.

Tunajua kwamba Imam Malik anamwona mbwa aliye hai kuwa ni twahara, na kuosha chombo alichokilamba kuwa ni ibada tu, na kwamba Mahanafi wana kauli yao. Hatuyataji haya ili kila nyumba ichague lililo jepesi kila linapoisumbua. Tunayataja ili mtu asimhukumu jirani yake Muislamu wa bara kuwa hana sala. Aliyebanwa kikweli akamuulize shekhe anayemjua na anayeijua hali yake.

Sasa mafunzo. Katika Sahihi Muslim imepokewa kutoka kwa Bibi Maimuna (r.a.) kwamba siku moja Mtume (s.a.w.) aliamka amenyamaza kwa huzuni, kwa kuwa Jibril alikuwa amemwahidi kukutana naye na hakuja. Kisha akakumbuka kuwa palikuwa na mtoto wa mbwa aliyejificha chini ya turubai lao. Akaamuru atolewe, akachukua maji kwa mkono wake akanyunyizia mahali pale. Jibril akaja jioni, akasema kwamba wao hawaingii nyumba yenye mbwa wala picha. Wanavyuoni wamehitilafiana kama mbwa aliyeruhusiwa naye huwazuia Malaika. Khattabi ameona hazuii, na Nawawi ameona hukumu inamhusu kila mbwa. Kwa mwenye kutaka usalama wa nyumba yake, jibu liko katika kisa chenyewe. Kijibwa alitolewa nje na mahali pake pakatiwa maji. Hatukusimuliwa kwamba alipigwa.

Kwa hiyo kosa la nyumba ile ya Mugumu si kojo. Kosa ni mahali alipowekwa. Familia inajaribu kumfundisha mbwa asikojoe sebuleni, na hali hakutakiwa kuwa sebuleni. Hata wafugaji wanaokuza mbwa wa kulinda mifugo humweka kijibwa karibu na mifugo mapema, tangu wiki zake za mwanzo, kwa sababu huo ndio umri ambao anajifunza nani ni wa kwake. Akikua na mbuzi atawalinda mbuzi. Akikua chini ya meza, atalinda meza.

Basi ajengewe kibanda ubavuni mwa zizi, kwa mbao na kipande cha bati, kiinuliwe kidogo kutoka chini kwa ajili ya mvua, na kiwe na mlango wa kufungwa usiku. Mlango ni lazima, maana huko fisi ni wa kweli. Ndani watie nyasi kavu na gunia. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa tambara itampa joto siku za mwanzo. Atalia usiku wa kwanza, wa pili na pengine wa tatu. Watoto nao watalia. Baba na mama wavumilie, kwa sababu kila wanapomfungulia mlango wa nyumba wanamfundisha kwamba kilio ndio ufunguo.

Hata hivyo kijibwa anahitaji kufundishwa wapi ajisaidie, ili asichafue kibanda chake, njia ya kwendea msalani na mahali wanapoanika nguo. Mbwa kwa maumbile hapendi kuchafua pale anapolala, na mafunzo yote yamejengwa juu ya tabia hiyo. Mtoto wa mbwa anaweza kujizuia takriban saa moja kwa kila mwezi wa umri wake anapokuwa macho, na zaidi kidogo akilala. Wa miezi miwili, basi, ni saa mbili. Ukimtaka ajizuie tangu asubuhi hadi adhuhuri unamtaka asichokiweza, kisha unampiga kwa kukishindwa.

Tunapendekeza ratiba ambayo kila nyumba ya Kiislamu inayo tayari: nyakati za sala. Alfajiri mtu yuko macho, amfungulie kibanda na kumpeleka kwenye kona yake. Hivyo hivyo adhuhuri, alasiri, magharibi na baada ya isha kabla ya kumfungia. Baina ya alfajiri na adhuhuri ni masafa marefu, kwa hiyo aongezewe mara mbili tatu, hasa anapoamka usingizini, anapomaliza kula na anapomaliza kucheza. Na jambo dogo ambalo litawaokolea maji mengi: apelekwe kabla ya udhu, si baada yake. Udhu hautenguki kwa kumgusa mbwa, lakini akikulamba unalo la kuosha kabla ya kuswali.

Kona iwe ni ile ile kila siku, mbali na kisima, bustani ya mboga na mahali pa kusalia. Mpeleke kwa kamba, simama kimya, usicheze naye. Harufu ya jana itamkumbusha. Akimaliza tu, hapo hapo, msifu kwa sauti ya upole na umtupie kipande cha dagaa. Dagaa wa ziwa kule Mara hawakosekani. Ukichelewa mpaka mmerudi kibandani, atadhani amepewa dagaa kwa kurudi. Chakula apewe kwa saa maalumu, mara tatu kwa siku katika umri huu, kwa sababu kinachoingia kwa saa hutoka kwa saa.

Akiingia ndani na ukamkuta anakojoa, mkatishe kwa sauti, “Nje!”, umtoe mpaka kwenye kona yake, na akimalizia huko msifu. Ukikuta kojo la zamani, safisha unyamaze. Mbwa haunganishi kipigo cha sasa na kojo la saa iliyopita. Anachojifunza ni kwamba baba akija ni hatari, na tangu siku hiyo atakojoa nyuma ya kabati asionekane. Wale wanaomsugua mbwa pua kwenye mkojo wake wanajizidishia najisi na hawafundishi kitu. Kaka yetu wa Mugumu tunamwomba aiache ile fimbo. Ana haki ya kukasirikia busati lake, lakini mnyama hakujiingiza mwenyewe ndani.

Kizingiti nacho kifundishwe. Kila anapokanyaga mlangoni arudishwe nje kimya, na chakula apewe siku zote nje, katika bakuli lake peke yake, lisilochanganywa na vyombo vya watu. Qur'ani imemtaja mbwa wa Watu wa Pangoni, Sura ya 18, kuwa alikuwa amenyoosha miguu yake ya mbele pale kizingitini. Kwa uvumilivu, kijibwa wa miezi minne hadi sita huwa ameshashika ada. Wako wanaochelewa.

Watoto wasikatazwe kumpenda. Wapewe kazi: mmoja alishe, mwingine atie maji, na wawe na nguo kuukuu ya kazi hiyo inayovuliwa mlangoni. Mikono ioshwe kila mara, kwa sababu ya twahara na kwa sababu ya minyoo. Vijibwa wengi huzaliwa na minyoo inayoweza kuwaingia watoto. Dawa ya minyoo wataipata kwa mtaalamu wa mifugo. Kinyesi kiondolewe kila siku kwa jembe na kufukiwa. Na mbwa asitupiwe mapafu wala maini mabichi ya mbuzi, hasa siku ya Idd ya kuchinja ambapo matumbo hutupwa ovyo. Yale malengelenge ya maji ndani ya maini ni tegu wachanga, humkomalia mbwa tumboni, mayai yake yakarudi kwa watu na kuwafanyia uvimbe mkubwa.

Limebaki lililo zito kuliko kojo. Serengeti ni miongoni mwa sehemu za dunia ambako kichaa cha mbwa kimechunguzwa sana, na kwa miaka mingi mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi wamekuwa wakichanjwa. Mwaka 1994 ugonjwa mwingine wa mbwa uliingia kwa simba wa Serengeti na kuua kama thuluthi moja yao, na wataalamu waliuhusisha na mbwa wa vijijini. Huo una chanjo yake mbali na ya kichaa. Chanjo ya kichaa kijibwa anaweza kupewa hata akiwa mdogo, kisha akarudiwa. Dada yetu aulize ofisi ya mifugo ya wilaya wiki hii hii, asingoje mpaka mbwa awe mkubwa. Akiumwa mtoto na mbwa yeyote, wa kwao au wa njiani, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa sindano. Dalili za kichaa zikishajitokeza kwa mtu, takriban hakuna anayepona.

Na sisi wa visiwani tusiseme hayo ni ya bara. Pemba ilianza kampeni za kuchanja mbwa mwaka 2010, kichaa kikatoweka 2014. Mwaka 2016 kilirudi, kimeletwa kutoka nje ya kisiwa, na hakikumalizwa mpaka 2018 baada ya kuchanja upya. Mbwa mmoja anatosha. Anayetaka kumletea mjomba wake msasi kijibwa kizuri kutoka Mara, asimpandishe chombo bila chanjo na bila kuwauliza maofisa wa mifugo.

Dada yetu ametuuliza mwishoni kama sala alizosali kabla ya kuliona kojo kwenye mswala azirudie. Ikiwa hana yakini kwamba najisi ilikuwepo wakati wa sala ile, hana la kurudia. Ikiwa ana yakini ya sala maalumu, basi airudie hiyo tu.

Na Allah anajua zaidi.